Vikombe Saba vya Mama Vimla

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka kutoka mlima Menengai ukaulalia mtaa wa Milimani, ukafuta mapaa, ukafuta miti, ukataka kufuta hata geti ambalo Inspekta Cheptanui alikuwa amesimama mbele yake. Alibonyeza kengele mara ya pili. Mafua ya Julai yalikuwa yamemkamata tangu Jumapili, na kila alichokitazama kilikuwa mbali kidogo kuliko kilivyo, kama kitu kilicho chini ya maji. Saa kumi na mbili alikuwa amemeza vidonge viwili vya kichwa. Alipofika kituoni akaongeza viwili vya mgongo, maana mgongo nao ulikuwa umeamka na lake. Na bado. Mwili aliutembeza tu kama mwili wa kuazima.

Geti lilifunguka. Weldon, soja aliyelinda nyumba hiyo, alichungulia akiwa amejifunika koti la mvua.

"Karibu madam. Leo mmekuja kumalizia?"

"Kumalizia nini?"

"Si mlisema ni Mugure."

"Sisi hatujasema. Wewe ndiye ulisema."

Weldon alikuna shingo. "Mimi nilisema kenye niliona. Kila jioni akitoka, ameficha kitu ndani ya sweta. Akirudi, sweta iko flat."

"Kitu gani?"

"Sijui, madam. Kinalia krrr, krrr, akitembea. Nikimuuliza anasema, Weldon chunga geti, mimi nichunge Mama."

Cheptanui aliandika krrr krrr kwenye daftari lake, akajiona mjinga, lakini hakufuta. Miaka kumi na minne ya kazi ilikuwa imemfunza kwamba kitu cha kijinga usipokiandika ndicho kitakachokusumbua baadaye.

Mambo yalikuwa hivi. Jana Jumatatu asubuhi, Mama Vimla, mjane wa miaka sabini na minane aliyeuza vitambaa mjini hapa tangu enzi za mumewe, alikutwa sakafuni kando ya kitanda chake, macho yamegeuka manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Hospitalini wakasema ini limeingiwa na sumu. Mwanawe Arjun akasema hamna wa kumtilia sumu ila yaya wake Mugure, mwanamke wa Elburgon aliyekaa naye miaka kumi na tisa, tena chumbani mwake mna mfuko wa maganda ya miti kutoka msitu wa Mau. Kufika jioni Mugure alikuwa ndani. Kesho asubuhi atasimamishwa mbele ya hakimu, na mama wa watu akifa kabla ya hapo, shtaka litakuwa la mauaji.

Cheptanui hakupenda kesi inayofika ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa. Ndiyo maana alirudi kuikagua nyumba mwenyewe.

Arjun alimpokea sebuleni. Hakuwa amenyoa, na shati lake lilikuwa la jana. Mkononi alikuwa na kikombe kinachofuka moshi.

"Inspekta, mnangoja nini na huyo mwanamke? Atasema lini alichompa?"

"Akiulizwa vizuri. Mama alikuwa anatumia dawa gani?"

"Hakuna. Mama hamezi vidonge tangu Baba afe. Anasema ni dawa za hospitali zilimuua. Yeye ni maziwa na manjano tu, asubuhi na jioni."

"Hata akishikwa na mafua?"

"Hata hapo. Koo lilimuuma, hata chakula alikataa tangu Ijumaa. Nilikuja kutoka Nairobi Alhamisi nikamkuta na mafua. Ni hii lemon tu alikubali." Aliinua kikombe. "Ya pakiti, unakoroga na maji moto. Mimi mwenyewe nilimkorogea, mara tatu kwa siku, kwa mkono wangu. Kwa hiyo usiniulize kama nampenda mama yangu."

"Sijauliza hilo. Nauliza nyumba ni ya nani."

Arjun aliweka kikombe chini polepole. "Ya Mama."

"Na asipokuwepo?"

"Yangu na dada yangu Shruti, yuko Uingereza. Ndiyo, nilitaka iuzwe. Ndiyo, nilitaka Mama ahamie kwangu Nairobi, Parklands, mahali kuna lifti na daktari karibu. Nilimwambia, siku nitakayosikia unaumwa hata ukucha, nakuja na lori. Hiyo ni kosa?" Sauti yake ilikatika. Kisha akamtazama vizuri huyu mwanamke mwenye pua nyekundu. "Wewe pia una mafua. Ngoja nikukorogee."

Cheptanui angekataa. Polisi hanywi kitu katika nyumba yenye kesi ya sumu, hata kuruti anajua hilo. Lakini pakiti ilikuwa mpya, Arjun aliipasua mbele ya macho yake, na koo lake lilikuwa linawaka. Alikunywa. Ilikuwa tamu na kali na ya moto, ikamshuka hadi vidoleni, na nyumba nzima ikaanza kuelea taratibu. Pakiti nyingine isiyofunguliwa aliitia mfukoni, kwa desturi tu.

Chumba cha Mama Vimla kilikuwa upande wa nyuma. Picha ya marehemu mumewe ilining'inia ukutani ikiwa na shada la maua ya karatasi, chini yake taa ndogo ya sala iliyozimika. Cheptanui alisimama katikati akafumba macho. Hata kwa pua iliyoziba, chumba hiki kilinukia jikoni. Alifuata harufu hadi kwenye meza ya kando ya kitanda, akainua shali iliyokunjwa juu yake. Palikuwa na mkebe wa duara wa chuma cheupe, umefunikwa.

"Hii nini?"

"Dabba," alisema Arjun kutoka mlangoni. "Mkebe wa masala. Ameweka bizari tamu hapo, anatafuna akimaliza kula. Wamama wetu wote wako hivyo."

Cheptanui alinyoosha mkono auinue mfuniko, na simu yake ikalia. Alikuwa Daktari Natalie wa wodi ya wagonjwa mahututi.

"Inspekta, mama anashuka. Ini linakufa mikononi mwangu. Sumu zingine ziko na dawa ya kuzipinga, lakini lazima nijue ni gani. Damu tumepeleka Nairobi, majibu ni kesho kutwa."

"Kesho kutwa ni mbali?"

"Kwake, ni mbali sana."

Cheptanui akarudisha shali mahali pake, akatoka mbio. Ukungu ukammeza.

*

Mugure aliletwa kutoka seli akiwa na sweta ya kijani na miguu bila viatu. Hakuketi hadi alipoambiwa. Swali la kwanza lilikuwa lake.

"Mama amekula?"

"Mama hawezi kula. Anawekewa maji kwa mshipa."

"Woi." Alijishika tumbo. "Tangu Ijumaa hajatia kitu kwa tumbo. Nilimwambia, Mama, hata uji kidogo."

Cheptanui aliweka mezani mfuko wa kitambaa uliokamatwa chumbani kwa Mugure. "Na hii?"

"Ni maganda ya supu. Mama yangu alinipea Krismasi nikienda nyumbani."

Inspekta aliugeuzageuza mfuko chini ya taa. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili, na vumbi lilikuwa limeingia ndani ya mafundo yenyewe. Buibui alikuwa ametandaza uzi kutoka fundoni hadi ukingoni, na uzi huo ulikuwa mzima. Alikata kamba. Mfuko ulikuwa umejaa pomoni, hakuna aliyechota hata ganda moja. Kwao Bomet nyanyake aliyachemsha maganda kama hayo na mifupa, na wajukuu waligombania kikombe cha mwisho.

"Hukuufungua."

"Nani atakunywa supu ya mifupa kwa nyumba watu hawakuli nyama?" Mugure alisema, na kwa sekunde moja alikuwa karibu kucheka.

Basi hoja ya maganda imeanguka. Kesi iliyopikwa ikaanza kuungua chini.

"Nieleze basi juu ya sweta. Weldon anasema kila jioni ulikuwa unatoka na kitu."

Kicheko kilikufa. Mugure aliangalia mikono yake.

"Ulikuwa unaiba?"

"Mungu wangu, hapana."

"Ulikuwa unaficha nini?"

Nje mtu alikuwa anafagia, fagio likikwaruza saruji bila haraka, na Cheptanui alijikuta akilisikiliza kama wimbo. Alijikaza.

"Mugure, mama huyo anakufa. Daktari hajui amtibu nini. Kama kuna kitu alikula au alikunywa, wewe ndiye unajua."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Yeye. Alishika mkono yangu mbele ya taa ya Mungu wake, mimi nikaapa na Mungu wangu. Nikasema mdomo yangu haitawahi kusema. Miungu wawili, madam. Mimi nitaanzia wapi?" Machozi yalimshuka bila sauti. "Nikisema watamtoa kwa nyumba yake. Atakufa na huzuni huko kwa flat."

"Usiposema atakufa leo."

"Hakuna kitu mbaya nilimpa. Nilimpa tu ya kumsaidia. Hiyo naweza apa hata mbele ya hakimu."

Na hapo akafunga mdomo. Cheptanui amewahi kuwahoji wezi wa ng'ombe na makarani wa ardhi, lakini hajawahi kukutana na ukuta kama huu uliojengwa kwa mapenzi matupu. Alimkasirikia, na wakati huohuo alitamani angekuwa na mtu mmoja duniani wa kumtunzia siri hivyo.

*

Mchana ulifika na ukungu haukuondoka. Cheptanui alitembea kuelekea sokoni kichwa kikimpwita. Watu walimjia kutoka kwenye weupe, wakapita, wakapotea: mama na ndoo ya mahindi ya kuchemsha, mwanafunzi wa Njoro aliyekumbatia vitabu, mzee na jogoo chini ya kwapa. Duka la dawa la Mzee Shabir lilikuwa na taa ya manjano mlangoni, naye akaifuata.

Shabir alikuwa mzee mfupi mwenye miwani mbili, moja usoni na moja juu ya kipara, na hakuwa na subira na mtu yeyote.

"Nipe kitu ya nguvu, mzee. Kichwa kinataka kupasuka."

"Leo umekunywa nini?"

"Ndiyo nimekuja uniuzie."

"Sijauliza umekuja kufanya nini. Nimeuliza umekunywa nini."

"Viwili vya kichwa, asubuhi. Halafu viwili vya mgongo."

"Vipi hivyo?"

Alitoa vidonge vilivyobaki mfukoni, vyeupe na vya rangi ya chungwa, akavitandaza juu ya kaunta. Shabir alivitupia jicho moja tu. Aligeuka, akatoa rafuni paketi mbili, moja ya bluu yenye picha ya kichwa, nyingine ya chungwa yenye picha ya mtu ameshika kiuno. Akazigeuza.

"Soma."

Cheptanui akasoma jina la juu.

"Hilo jina kubwa ni la kuuzia. Mimi nataka jina dogo, hapo chini. Jina dogo ndilo la dawa."

Alibana macho. "Paracetamol. Na hii... paracetamol na kitu kingine."

"Hongera. Umekunywa dawa moja mara mbili, ukadhani ni dawa mbili. Ingine?"

"Hakuna. Lemon tu ya mafua, lakini hicho ni kinywaji."

Mzee Shabir alishusha miwani ya kiparani juu ya ile ya usoni. "Nani amekwambia ni kinywaji?"

Cheptanui alitoa ile pakiti ya kwa Arjun. Mzee alisoma kando yake, mahali maandishi ni madogo kama siafu, akaigonga kwa ukucha. "Miligramu elfu moja. Kidonge kimoja ni mia tano. Wamekuyeyushia vidonge viwili vya paracetamol, wakatia ndimu na sukari. Kwa hivyo tangu asubuhi ni sita. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anayekula, mwisho wake ni vinane kwa siku nzima, na aviachanishe masaa. Mtu mzee, mdogo wa mwili, tumbo tupu, hata hivyo vinane ni vingi. Sasa unataka nikuuzie kitu ya nguvu. Nitakuuzia maji."

Lakini Cheptanui hakuwa anasikia tena habari za kichwa chake. "Mtu akizidisha, inakuwaje?"

"Siku ya kwanza? Hakuna kitu. Huo ndio ubaya wake. Atatapika kidogo, atasema ni mafua. Siku ya tatu, ya nne, ini limechoka, macho yanakuwa manjano."

Mzee alichukua kidonge kimoja kutoka kwenye kifuko chake cha foili kumwonyesha alama iliyochorwa juu yake. Foili ikalia chini ya kidole chake.

Krrr.

Inspekta alishika kaunta. Krrr, krrr, ndani ya sweta ya kijani, kila jioni, getini kwa Weldon. Si sumu iliyokuwa ikiingia. Ni maboksi na foili tupu zilizokuwa zikitoka, zikatupwe mbali, Arjun asizikute kwenye pipa. Basi vidonge vyenyewe, vikishavuliwa nguo na majina, vilikaa wapi? Aliona chumba kinachonukia jikoni. Aliona shali iliyokunjwa vizuri mno juu ya mkebe.

"Mzee, Mugure wa kwa Mama Vimla hununua hapa?"

"Alikuja mara moja, mwezi wa tano, dawa ya magoti. Nikamuuliza, mgonjwa anatumia nini ingine? Akatoka na dawa yake bila kujibu, hakurudi tena. Wako hivyo wenye siri. Ya kichwa wananunua hapa, ya mgongo kule, ya mafua kwa kioski, hakuna muuzaji hata mmoja anajua yote." Alitikisa kichwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kuna dawa ya kuokoa?"

"Ipo, ya dripu. Mapema ni bora, lakini hata ikichelewa inasaidia. Hapa mjini leo sina. Nairobi kuna mtu wangu."

Cheptanui alikuwa ameshapiga simu. Daktari Natalie alisikiliza hadi mwisho, na aliposema sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Familia iliniapia hamezi hata kidonge. Mwambie Shabir aagize sasa hivi, gari liondoke. Na wewe nitafutie mambo mawili: ni ngapi kwa siku, na tangu lini."

*

Dabba liliwekwa mezani kituoni, mbele ya Mugure. Alipoliona alijifunika uso.

Cheptanui alifunua. Ndani mlikuwa na vikombe saba vidogo, kama ilivyo desturi ya mikebe hiyo. Cha katikati kilikuwa na bizari tamu. Vile sita vilivyokizunguka vilikuwa na vidonge: vyeupe vya duara, vya chungwa, vyeupe virefu, vya njano, vya waridi, vya kijani. Havikuwa na jina hata moja. Mwanamke aliyepanga masala maisha yake yote, manjano hapa na pilipili pale, alikuwa amepanga maumivu yake vivyo hivyo.

"Mugure, hujavunja ahadi. Nimeona mwenyewe. Uliapa kwamba mdomo wako hautasema, si ndiyo?"

Mugure aliitikia kwa kichwa.

"Basi mdomo unyamaze. Nionyeshe na mkono."

Fagio la nje lilikuwa limenyamaza, na chumba kilikuwa cheupe kwa ukungu uliokuwa dirishani. Kisha Mugure aliinua kidole, akagusa kikombe cha vidonge vya duara, halafu akagusa paji la uso wake. Aligusa vya chungwa, akajishika kiuno. Virefu, akagusa goti. Vya njano, akagusa pua. Vya waridi, akagusa shavu, mahali pa jino, akatikisa kichwa: hivyo hakumpa. Vya kijani ni tumbo, akatikisa kichwa tena.

"Vinne hivi, ngapi kwa wakati?"

Kidole kimoja kwa kila kikombe.

"Mara ngapi kwa siku?"

Mkono wake ulichora jua likichomoza, jua likisimama, jua likizama.

"Tangu lini vyote pamoja?"

Vidole vinne. Tangu Alhamisi mafua yalipoingia, hadi Jumapili. Zamani mama alimeza cha kikombe kimoja leo na cha kingine kesho. Wiki hiyo kila kitu kiliuma kwa pamoja.

Cheptanui aliandika. Vinne mara tatu ni kumi na viwili. Na lemon ya Arjun mara tatu, kila moja vidonge viwili, ni sita. Kumi na vinane kwa siku, siku nne mfululizo, ndani ya bibi wa kilo arobaini na tano asiyekula. Alihesabu tena, ikabaki ileile. Alimtumia daktari tarakimu hizo palepale.

"Ni nini iko ndani?" Mugure aliuliza. Mdomo ulikuwa umemshinda.

"Mzee Shabir ameshasoma alama zake. Kwa vyote vinne ulivyompa, dawa ni ileile. Ina jina kubwa mbalimbali, lakini jina dogo ni moja."

Mugure alitazama vikombe, kimoja kimoja, vya duara na vya chungwa na virefu na vya njano.

"Lakini kichwa ni kichwa, madam," alisema taratibu. "Na mgongo ni mgongo. Ningejuaje ni kitu moja?"

Cheptanui alifunga daftari. Yeye ni inspekta, amesoma, na asubuhi hiyohiyo alikuwa amefanya kosa lilelile akashushia na ndimu.

*

Dripu ilifika saa kumi na nusu. Arjun alikuwa kwenye benchi la ukumbini, na alipomwona Cheptanui akija na dabba alisimama.

"Amekiri?"

"Keti, Bwana Arjun."

Alimfunulia vikombe, akamweleza cha kichwa na cha mgongo, na kwa nini Mugure alikuwa akitoka na makaratasi kifuani. Arjun alisikiliza huku taya likimcheza.

"Alinificha mimi? Mwanawe?"

"Ulimwambia akiumwa ukucha utakuja na lori."

Arjun akapumua kwa nguvu. "Sawa. Lakini huyo mwanamke alimpa hayo yote. Ujinga pia unaua. Mimi namtaka mahakamani."

Cheptanui aliipenda haki kuliko alivyompenda mtu yeyote, lakini kuna wakati haki ina mikono mizito. Alitoa mfukoni ile pakiti ya lemon, akaiweka juu ya bizari tamu, upande wa maandishi madogo ukiwa juu.

"Soma jina dogo."

Arjun alisoma. Akasoma tena. Muuguzi akapita na toroli, na bado Arjun alikuwa ameishika ile pakiti.

"Mimi nilimbembeleza," alisema mwisho. "Alikuwa anasema tumbo linakataa. Nikamwambia, Mama, maliza kikombe, hii si dawa."

Inspekta hakumgusa bega wala hakumpa maneno matamu. Alikaa kando yake tu hadi Arjun alipoweza kusimama.

"Mtu akienda mahakamani," Arjun alisema, "tutaenda wawili."

"Hakuna anayeenda."

Jioni hiyo Mugure alirudishiwa viatu vyake. Hakuulizia nyumbani. Aliulizia hospitali iko upande gani, akaenda akakaa kwenye lile benchi, mwisho wake mmoja, na Arjun mwisho wa pili. Walikaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu muuguzi aliwakuta wakigawana maandazi, ingawa bado hawakuwa wakizungumza.

Ijumaa ukungu uliondoka, ziwa la mjini hapa likaonekana kule chini, na Mama Vimla akafumbua macho. Bado yalikuwa na umanjano, lakini yalikuwa yanaona. Daktari Natalie aliruhusu watu watatu, dakika tano. Cheptanui alisimama mlangoni, pua yake imepona.

Bibi alimtazama mwanawe, akampita, akamtafuta Mugure.

"Wewe ulisema."

"Sikusema, Mama. Niliwaonyesha na kidole."

Mama Vimla alikitazama kidole chenyewe. "Kidole pia ni mdomo," alisema, kwa ukali wote ambao sauti ile dhaifu iliweza kubeba. Lakini alikuwa ameushika mkono wa Mugure, na hakuuachia. Kisha akamgeukia Arjun. "Lori iko wapi?"

"Hakuna lori, Mama." Arjun alikuwa analia waziwazi kama mtoto. "Nyumba ni yako. Ukiumwa niambie tu. Niambie mimi, basi."

"Mdomo wangu uko na uchungu," alisema mama. "Leteni bizari yangu."

Cheptanui alikuwa ameitarajia. Dabba lilikuwa bado la polisi, lakini alikuwa amechomoa kile kikombe cha katikati, akakiosha, akakijaza bizari mpya kutoka sokoni. Akampa Mugure. Mugure alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akachota punje chache kwa ncha za vidole, akazipeleka karibu na midomo ya Mama Vimla. Hapo mkono ukasimama. Aligeuka akamtazama daktari, uso umejaa hofu.

"Daktari," alisema, "na hii iko na jina dogo?"

Hakuna aliyecheka. Daktari Natalie alisogea, akainamia kile kiganja, akatazama punje zile vizuri, moja moja, kabla ya kujibu.